Kwa nini wazazi walisita: chanjo za watoto wakati wa korona

Mwaka 2021 watoto milioni 25 duniani walikosa dozi moja au zaidi ya chanjo ya dondakoo, pepopunda na kifaduro. Kati yao, milioni 18 hawakupata hata dozi ya kwanza. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani (WHO) na UNICEF, watoto waliokamilisha dozi tatu za chanjo hiyo walishuka kutoka asilimia 86 mwaka 2019 hadi asilimia 81 mwaka 2021, anguko kubwa kuliko lolote lililoonekana kwa takribani miaka 30. Takwimu zilipotoka, maelezo ya haraka yalikuwa tayari midomoni mwa watu: wazazi wamekataa chanjo, mitandao imewapotosha. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, ila ni sehemu tu. Anayeyashika peke yake ataishia kumhubiria mama ambaye shida yake ilikuwa nauli.

Wakati wa korona mzazi hakuwa na uamuzi mmoja mbele yake, alikuwa na maamuzi matatu. Kulikuwa na chanjo za kawaida za kliniki, zile zinazoandikwa kwenye kadi ya mtoto tangu anapozaliwa. Kulikuwa na kampeni, wahudumu wa afya wanapopita nyumba kwa nyumba au shuleni na matone ya polio au sindano ya surua na rubela. Kisha ikaja chanjo ya UVIKO-19 yenyewe, ngeni, iliyoanza kwa wazee na watu wazima halafu ikashuka kwa vijana na watoto. Mama yuleyule aliweza kuipokea ya kwanza bila swali, akaitilia shaka ya pili, na ya tatu akaikataa kabisa. Ukimuuliza tu "unakubali chanjo?", jibu lake halikuambii kitu.

Kliniki iliogopwa, haikukataliwa

Machi 2020 wagonjwa wa kwanza walithibitishwa Kenya na Tanzania ndani ya siku chache. Tarehe 26 mwezi huohuo WHO ilitoa mwongozo: kampeni za halaiki zisimame kwa muda, lakini chanjo za kawaida za kliniki ziendelee. Ujumbe ulikuwa na sehemu mbili, mtaani ikafika moja. Watu walisikia wakae nyumbani na wasiende hospitali kama si lazima, na mtoto wa wiki 10 anayenyonya vizuri na kucheka haonekani kuwa jambo la lazima.

Safari yenyewe nayo ilikuwa imebadilika. Nchini Kenya amri ya kutotoka nje usiku ilianza tarehe 27 Machi, na matatu ya viti 14 ikaruhusiwa kubeba abiria 8 tu, nauli zikapanda. Mama aliyefika kituo cha afya alikuta foleni ya watu wanaokohoa, barakoa ya kununua, na nesi aliyepewa kazi nyingine ya kupima joto mlangoni. Hapo hakuna msimamo wowote dhidi ya chanjo. Kuna mtu anayepiga hesabu ya hatari mbili na kuchagua ile anayodhani ni ndogo.

Hesabu hiyo ilipigwa pia na watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine kwa nchi za Afrika, wakapata kwamba kwa kila kifo kimoja cha ziada cha korona ambacho kingetokana na safari ya kliniki, vifo 84 vya watoto vingezuiwa kwa kuendelea na chanjo za kawaida. Ni makadirio yenye upana mkubwa, na vifo hivyo vya korona vingekuwa zaidi vya watu wazima wa nyumbani. Hata hivyo mwelekeo wake hauna utata, na mama yule aliyekuwa akipiga hesabu hakuna aliyemwambia. Alichojua ni idadi ya wagonjwa wa korona iliyosomwa redioni kila jioni. Surua haikuwa na taarifa ya jioni.

Na surua, au ukambi kama wengi wanavyoiita Kenya, haisubiri. Mgonjwa mmoja katika jamii isiyo na kinga huweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na ili isienee panahitajika takribani asilimia 95 ya watu wawe na kinga. Kongo ilikuwa imeshaonyesha hali inakuwaje macho yote yakielekezwa kwenye ugonjwa mmoja. Wakati dunia ikifuatilia Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, surua ilisambaa katika mikoa yote ya nchi, na kufikia Januari 2020 WHO ilihesabu zaidi ya watu 310,000 waliodhaniwa kuugua na zaidi ya 6,000 waliokufa, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Ebola hiyo, kwa ukali wake wote, iliua watu wapatao 2,300.

Kuna kikwazo kingine ambacho kwa nje kinafanana na uzembe wa mzazi. Kichupa cha chanjo ya surua na rubela kwa kawaida kina dozi 10. Ni unga mkavu, nesi anauchanganya na maji yake maalumu, na baada ya kuchanganywa kichupa kinadumu saa 6 tu. Kikizidi hapo kinamwagwa, kwa sababu hakina dawa ya kuzuia vijidudu, na vijidudu vikimea humo vinaweza kumuua mtoto. Kichupa cha BCG, chanjo ya kifua kikuu, mara nyingi kina dozi 20, na saa ni hizohizo 6. Sasa fikiria zahanati ndogo asubuhi ya korona, wamefika watoto wawili. Nesi anaona akifungua atamwaga dozi 8, naye anaulizwa kila mwezi juu ya dozi zinazopotea. Anasema, "Rudini Alhamisi, tukusanye watoto." Mama mmoja kati ya wawili hao harudi. Kwenye ripoti ataitwa mtoro.

Hapa sisi tuko upande wa mama. Mwongozo wa WHO unaelekeza kichupa cha surua kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja aliyefikia umri, maana dozi iliyomwagwa ni gharama ndogo kuliko mtoto aliyerudishwa. Mahali ambapo chanjo ni haba sana, mpango uwe wa siku maalumu zinazojulikana na kijiji kizima, zisibadilike, na nesi awe na namba za simu za wazazi.

Shaka zina historia

Kampeni zilikutana na kitu kigumu zaidi. Aprili 2020, kwenye televisheni ya Ufaransa, daktari mmoja na mtafiti mmoja walijadili wazo la kujaribia Afrika kama chanjo ya BCG inakinga korona. Kipande hicho cha video kilizunguka bara zima ndani ya siku chache, na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akalaani kauli hizo kuwa za kibaguzi. Wengi hawakuona kwamba BCG ni ileile wanayochomwa watoto wetu mkononi wakizaliwa ili kuwakinga na kifua kikuu kikali. Jina la chanjo ya kale, inayoaminiwa, likaingizwa katika mazungumzo ya majaribio.

Hofu hiyo ilikuwa na mahali pa kushika. Mwaka 1996 kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa ya Trovan kwa watoto wa Kano, Nigeria, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, na familia zikaenda mahakamani. Mwaka 2003 viongozi wa Kano walisimamisha chanjo ya polio wakidai inafunga uzazi. Mgomo ulidumu takribani mwaka mmoja, na virusi vikasafiri hadi nchi nyingi ambazo zilikuwa zimeshaitokomeza polio. Mgomo huo haukumalizwa na hotuba. Chanjo ilichunguzwa, kisha ikaletwa nyingine iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu ambayo watu wa Kano waliiamini. Kenya nayo, mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda kwa wanawake imetiwa homoni ya kuzuia mimba. Serikali, WHO na UNICEF walikanusha, lakini mwaka uliofuata maaskofu wakatoa wito wa kususia kampeni ya polio.

Kwa hiyo polio ya pori, yaani ya virusi vya asili, ilipogunduliwa Lilongwe, Malawi, Februari 2022, ikihusishwa kwa vinasaba na virusi vya Pakistan, na Tanzania ikaanza kutoa matone katika mikoa ya mpakani ya Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma kabla ya kwenda nchi nzima, timu ziligonga milango ya watu waliokuwa wameshasikia mengi. Januari 2021 Watanzania walimsikia Rais John Magufuli akisema chanjo za korona hazifai. Tarehe 28 Julai mwaka huohuo walimwona Rais Samia Suluhu Hassan akichanjwa hadharani na kuzindua zoezi. Kongo ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca mwanzoni mwa Machi 2021, ikaahirisha kuzitoa baada ya nchi za Ulaya kusimamisha kwa hofu ya kuganda kwa damu, na mwishowe ikarudisha zipatazo milioni 1.3. Malawi iliteketeza kwa moto dozi karibu 20,000 zilizoisha muda. Mzazi aliyeshuhudia hayo akauliza, "Haya matone ya leo nayo ni ya nini?" aliuliza swali la haki.

Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba imani ya watu juu ya umuhimu wa chanjo kwa watoto ilipungua katika nchi 52 kati ya 55 zilizochunguzwa. Shaka ya chanjo moja ilikuwa imehamia kwa nyingine. Hata hivyo imani kupungua si sawa na kukataa: katika nchi nyingi bado walio wengi waliona chanjo za watoto ni muhimu.

Chanjo ya korona kwa mtoto: swali tofauti kabisa

Mapema kabisa, kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Mei 2020, kabla chanjo yoyote haijakuwepo, wazazi 1,541 waliopeleka watoto kwenye vitengo vya dharura vya hospitali katika nchi sita, zikiwemo Marekani, Japani na Hispania, waliulizwa kama wangewachanja watoto wao ikipatikana. Asilimia 65 walisema ndiyo. Waliokubali walitaja zaidi kumlinda mtoto. Waliokataa walitaja zaidi upya wa chanjo. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Oktoba 2021, shirika la utafiti wa afya la KFF la Marekani liliwauliza wazazi wa watoto wa miaka 5 hadi 11 na kupata makundi matatu yanayokaribiana: watakaochanja mara moja, watakaongoja waone, na wasiotaka kabisa. Kundi la kati ndilo linalofundisha. Hao hawakuwa wamekataa, walikuwa wanawatazama watoto wa jirani.

Mambo matatu yalifanya uamuzi huu uwe mgumu kwa mtu mwenye akili timamu. La kwanza, mtoto mwenye afya njema hakuwa katika hatari kubwa ya korona kali, hivyo faida yake binafsi ilikuwa ndogo kuliko ya bibi yake. La pili, kipimo kilibadilika kwa umri: Pfizer ilitumia mikrogramu 30 kwa wenye miaka 12 na kuendelea, 10 kwa wa miaka 5 hadi 11, na 3 kwa walio chini ya hapo. Kwa mtaalamu huo ni uangalifu, lakini mzazi asiyeelezwa alidhani bado wanabahatisha. La tatu ni madhara adimu lakini ya kweli: kuvimba kwa misuli ya moyo, hasa kwa wavulana na vijana wa kiume baada ya dozi ya pili. Takwimu za Marekani za katikati ya 2021 zilionyesha visa takribani 40 kwa kila dozi za pili milioni moja kwa wanaume wa miaka 12 hadi 29, wengi wakipona kwa mapumziko na dawa za kawaida.

Juu ya hayo yote upo uzito wa moyo ambao wanasaikolojia wameuchunguza kwa miaka mingi. Mzazi huumia zaidi mtoto akidhurika kwa jambo alilolifanya yeye mwenyewe kuliko akidhurika kwa jambo aliloliacha litokee. Homa ikija baada ya sindano, mama anajilaumu: mimi ndiye niliyempeleka. Surua ikija yenyewe, husemwa ni mapenzi ya Mungu. Kumkemea mtu hakuondoi mzigo huo. Unapungua mtu anapoonyeshwa kwamba kutochanja nako ni uamuzi wenye matokeo yake.

Machi 2023 WHO iliwaweka watoto na vijana wenye afya, wa miezi 6 hadi miaka 17, katika kundi la kipaumbele cha chini kwa chanjo ya UVIKO-19, na ikasema wazi kwamba faida yake kwao ni ndogo sana ikilinganishwa na ile ya chanjo za kawaida kama za kuhara (rota), surua na nimonia. Kauli hiyo ingesemwa mapema ingeokoa imani nyingi. Kosa kubwa la ujumbe wa miaka ile, kwa maoni yetu, lilikuwa kuzungumzia "chanjo" kana kwamba zote zina uzito mmoja. Mzazi aliyeona moja imetiwa chumvi aliona hana sababu ya kuamini nyingine.

Mazungumzo ya dakika tano

Ni vigumu kujua mzazi yuko wapi bila kumsikiliza. Tazama mazungumzo haya ya chumba cha chanjo.

"Mama Neema, leo mtoto anapata ya surua na rubela."

"Nesi, hii ya leo naogopa. Nasikia wanachanganya na ile ya korona."

Jibu linaloharibu kila kitu ni hili: "Nani kakudanganya? Nyie mnasikiliza sana mambo ya WhatsApp." Mama atanyamaza, huenda hata akamtoa mtoto mgongoni achomwe, lakini mtoto akifika miezi 18, zamu ya dozi ya pili, hutamwona. Jibu linalofanya kazi ni fupi: "Umefanya vizuri kuniambia. Umesikia nini hasa?" Akishaeleza, mwonyeshe kichupa chenyewe: jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe ya kuisha. Mwambie ni chanjo ileile aliyopata mtoto wake mkubwa. Kisha muulize kama kuna mtu nyumbani angependa asikie maelezo haya. Mara nyingi yupo: baba anayetoa nauli, au bibi anayesema watoto wa zamani hawakuchomwa sindano tatu kwa siku moja.

Na ni kweli, mtoto wa wiki 14 anachomwa sindano tatu siku hiyohiyo: ya magonjwa matano (ileile ya dondakoo, pepopunda na kifaduro, pamoja na homa ya ini B na bakteria wa Hib), ya nimonia, na ya polio, na matone juu yake. Asiyeambiwa mapema anashtuka. Aambiwe pia maudhi yatakayokuja na siku yake. Baada ya ile ya magonjwa matano, homa na uvimbe pajani huja ndani ya siku moja au mbili. Baada ya surua, homa au vipele vidogo huweza kuja kati ya siku ya 5 na ya 12, wakati mama ameshasahau sindano. BCG hutoa kidonda kidogo wiki kadhaa baadaye, kinachokauka chenyewe na kuacha kovu. Kisipakwe dawa, mafuta wala majani. Mtoto arudishwe kituoni haraka akipata degedege, akilia mfululizo kwa saa tatu au zaidi, akivimba uso au akishindwa kupumua. Mzio mkali unaotishia maisha hutokea takribani mara moja kwa dozi milioni moja, na huanza mapema, ndiyo maana mama huombwa akae kituoni kidogo kabla ya kuondoka.

Dozi zilizokosekana

Wazazi wengi waliokosa tarehe mwaka 2020 na 2021 hawakurudi kwa kudhani kwamba ratiba ikikatika inaanza upya, au kwa kuogopa kugombezwa. Ratiba haianzi upya. Mtoto aliyepata dozi moja ya magonjwa matano akapotea mwaka mzima anaendelea na ya pili, kisha ya tatu baada ya wiki nne au zaidi. Aliyekosa surua ya miezi 9 anapewa siku atakapofika, hata akiwa na miaka minne, na ya pili inafuata baada ya wiki nne au zaidi. Chanjo kadhaa zinaweza kutolewa siku moja. Rota, ile ya kuhara, haitolewi tena mtoto akipita miaka miwili. Ya magonjwa matano huishia kabla ya miaka saba, na kuanzia hapo mtoto hupewa ya pepopunda na dondakoo yenye kipimo cha wakubwa.

Kadi ikipotea, kituo alichochanjwa kina rejista, na tarehe ya kuzaliwa pamoja na jina la mama vinatosha kuanza kutafuta. Kumbukumbu ikikosekana kabisa, mtoto huhesabiwa kuwa hajachanjwa na hupewa dozi za umri wake. Dozi ya surua au polio iliyojirudia haimdhuru. Watoto waliozaliwa miaka ile miwili sasa wanaandikishwa shule, na siku ya kuandikisha ndiyo nafasi nzuri ya kufungua kadi na kutazama mistari ya miezi 9 na 18, kwa kuwa ndiyo mara nyingi huachwa wazi.